Kitambaa Kilichorudi Kikavu

Kitambaa cha shangazi kilirudi kikavu. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

Shangazi ni fundi cherehani. Hukaa kutwa nzima, mguu kwenye kanyagio. Zahanati walimwambia presha imepanda. Wakampa vidonge, wakamwambia pia atembee haraka nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi miwili wampime.

Siku hiyohiyo nilimsuka upya. Mimi niliacha shule darasa la tano, na mbele za watu siongei sana. Lakini nikisuka, watu husimama kuangalia. Nilimsuka mistari midogomidogo, nikaikaza kuliko siku zote ili jasho lisiifumue. Nikamvalisha mfuko wa nailoni kichwani, kisha kitambaa juu yake.

Wiki ya kwanza kitambaa kilirudi kutoka matembezini kimelowa jasho. Wiki ya pili, kikavu kabisa.

Asubuhi moja nikamfuata. Hakwenda mbali. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha Bi Chanuo, msusi wa mtaa wa nyuma, anasubiri nusu saa iishe.

Bi Chanuo mwenyewe akatokea, anarudi kukimbia, jasho linamtiririka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Hee, jirani! Siku hizi mazoezi yanafanywa kwa kukaa?"

Shangazi alicheka kidogo, akashika kichwa. "Kinanigonga, mwenzangu. Nikitembea, jasho linawasha. Halafu nitaharibu nywele bure."

"Hebu nione."

Shangazi akavua kitambaa na nailoni. Harufu ya unyevu ikatoka. Kando ya paji palijaa vipele, na nywele za mbele zilikuwa zimepungua.

"Makubwa! Nani kakusuka? Nyusi zimevutwa mpaka unaonekana umeshtuka!"

"Nilimwambia mwenyewe akaze," shangazi akasema haraka.

Hakuwahi kuniambia hivyo. Nikatazama chini.

Bi Chanuo akaitazama mikono yangu. "Njoo, binti. Mkono unao, ila unavuta mno. Msuko unaouma umekazwa kupita kiasi. Ukitoa vipele, unafumuliwa. Vikiingia usaha, aende zahanati."

"Nisuke vipi sasa?"

"Mistari mikubwa, minane inatosha, irudi nyuma. Hizi nywele za ukingoni ni dhaifu, usizivute. Nyuma zikusanye kwa utepe wa kitambaa laini. Mpira mwembamba unakata nywele."

"Na nailoni?"

"Tupa! Nailoni inafungia jasho, kichwa kinachemka kama sufuria yenye mfuniko. Mfunge kitambaa chepesi cha pamba, kinywe jasho."

"Akirudi je?"

"Akivue hapohapo. Afute ngozi ya kichwa, katikati ya mistari, kwa kitambaa chenye maji safi. Aache ikauke kwa hewa. Asifunge kichwa kibichi. Mara moja kwa wiki aoshe kwa shampuu iliyochanganywa na maji, asuuze vizuri. Na kitambaa cha mazoezi kifuliwe kila siku."

"Lakini nywele zitachakaa upesi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Zitachakaa, utamsuka tena. Moyo wake ukichakaa, utausuka?"

Nikaichukua ile nailoni, nikaitupa.

Tulifumua siku hiyohiyo. Ilituchukua mchana mzima, na shangazi akasinzia kichwa kikiwa magotini pangu. Kwa wiki mbili hakusukwa. Nilimfunga mikia miwili iliyolegea tu, na akaanza kutembea hivyohivyo. Vipele vikakauka. Kisha nikamsuka mistari minane. Kila asubuhi kitambaa kilirudi kimelowa chapachapa, nami nikakifua na kukianika dirishani.

Miezi miwili ilipotimia, muuguzi alimpima mara mbili. Presha ilikuwa imeshuka. "Endelea na vidonge, na usiache kutembea," akamwambia.

Jumamosi ile shangazi aliketi mkekani, mgongo kwangu, nimsuke tena. Nikagawa mstari wa kwanza. Miaka minne nimemsuka. Mara nyingi niliona macho yake yamejaa machozi, nikajifanya sioni. Watu waliposifu kazi yangu, naye alisifu pamoja nao. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu jibu nililijua.

Mikono ikasimama.

"Shangazi," nikasema, "nakuumiza?"