Nukta ya Junju

Usinitazame kwa pembe ya jicho. Kama huamini, kanywe chai yako, niwasimulie wenye masikio. Ofisi ile ya Kilifi nilikuwa nikiipiga deki kwa mikono hii, sikuhadithiwa.

Pale walitengeneza ramani ya mashamba ya pwani nzima, ya kufunguliwa kwenye simu. Ilikuwa nzito. Ukiigusa, unamenya muhogo ukaubandika jikoni kabla haijafunguka. Mkubwa wao, Ndirangu, akamwambia Ndinda, msichana wa Machakos aliyeishughulikia, kwamba Ijumaa ifunguke mara moja au atafute kazi kwingine.

Ndinda akaipunguza. Kila kilichochorwa kikiwa kidogo kuliko chumba, alikifuta: visima, vibanda, vyoo, vyote kwa mpigo mmoja. Ramani ikawa nyepesi. Ila nukta moja ilibaki, kijijini Junju. Akaifuta nayo. Jumanne asubuhi ilikuwepo, lakini si Junju tena. Imesogea barabarani, inaelekea huku kwetu.

Nikamuuliza pale palikuwa na nini. Akatazama nakala ya zamani: kaburi, na kigango, ule mti wa kuchonga tunaomsimikia mzee aliyekufa.

"Nenda Junju," nikamwambia. "Kwetu mzee hang'olewi bila kuambiwa. Mmwagie tembo la mnazi, umwombe radhi."

"Nyanya, nimefuta mchoro tu. Udongo sijaugusa."

"Yeye ajua ameondolewa."

Akacheka, akalirudisha kaburi kwenye ramani, akaona yamekwisha. Junju angekwenda Jumamosi, kazi yake ikishakuwa salama. Kaburi likakaa Junju. Nukta ikaendelea na safari. Jumatano ilikuwa njia panda ya Takaungu. Alhamisi, Mnarani, ng'ambo ya daraja, na chumba kikaanza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Ijumaa saa saba mchana Ndirangu aliifungua ramani kwenye simu yake, ikafunguka kabla hajakohoa, akampa Ndinda mkono, akashuka kwenda kula. Tukabaki wawili. Ndipo nikasikia ngazini kitu cha mbao kikigonga, kikapumzika, kikagonga, kama mtu wa mguu mmoja anayepanda bila haraka, na kila kikigonga ile harufu inazidi, na Ndinda anaikuza ramani kwa kidole, mtaa, jengo, chumba, mpaka nukta ikawa si nukta tena, ikawa umbo jembamba la urefu wa mtu aliyelazwa, limechorwa pale pale kiti chake kilipo. Na kile kitu kikaingia, kikanipita, nami sikuona ila alama za udongo mwekundu, moja moja, juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Kugonga kukakoma.

"Nyanya," akanong'ona, "kuna mtu nyuma yangu?"

"Yupo. Mwambie mwenyewe kwamba utakwenda kesho."

Nikachukua ndoo yangu, nikatoka, nikafunga mlango.