Maji Yasiyogusa Ardhi

Nguo za wateja zilianza kunuka mkojo, na nyumba ile haikuwa na mtoto wala paka. Fundi cherehani akamtania mkewe, "Bi Vifungo, ndio uzee umeingia bila kuniaga?" Mkewe, aliyepata jina hilo kwa kushona vifungo na pindo kwa mkono, akacheka huku akifyonza damu kidoleni. Sindano ilikuwa imemchoma tena.

Kisha zikaja sauti. Kila jua likizama, darini kulikwaruza, kukanong'ona, halafu kitu kikajimwaga nje kwa mkupuo. Haukupita muda Bi Vifungo akashikwa na homa. Misuli ya miguu ikamuuma hata asiweze kusimama, na macho yakaingia umanjano.

Dada yake fundi, ambaye ni nesi, alitazama dari mara moja tu. "Popo hao, kaka. Mkojo wao unabeba bakteria. Mvua inausomba kutoka kwenye bati mpaka tangini, na wifi anafulia nguo za wateja kwa maji hayo, vidole vikiwa na vidonda. Mlete hospitali leo, dawa ipo."

"Nipeleke kwa wifi," mgonjwa akanong'ona nesi alipokwisha kuondoka.

"Kesho," fundi akasema. Alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alishamwita mganga.

Mganga akataka maji yasiyogusa ardhi, kwa kuwa jini, alisema, hupanda kutoka udongoni. Fundi akachota tangini, maji yaliyoshuka moja kwa moja kutoka juu ya bati. Wakamwogesha Bi Vifungo, wakamnywesha, na alipomeza kata ya mwisho kifua chake kikaanza kupanda na kushuka, chumba kikajaa ile harufu ya mkojo, darini kukatulia kabisa kana kwamba wote waliokuwa huko wametega masikio, na kinywani mwake ikatoka sauti nzito isiyokuwa yake.

"Nyinyi ni nani?" mganga akauliza, akijikaza.

"Tuko wengi. Hatuonekani."

"Mnataka nini mtoke? Ubani? Kitambaa?"

"Hatudai kitu. Mnatutunza vizuri."

"Mliingilia wapi?"

Mkono wa mgonjwa ukainuka polepole, kidole kilichochomwa na sindano kikiwa kimenyooka. Mganga akadhani anaonyeshwa dari. "Ongeza maji," akamwambia fundi kwa sauti ya chini.

Alfajiri Bi Vifungo akakata roho. Fundi akalia bila haya, akajilaani kwa ile kesho yake. Halafu, kwa mapenzi tu, akaamuru mkewe aoshwe kwa maji yale yale, maana hakuona mengine yaliyo safi kuyashinda.

Nesi alifika moja kwa moja kutoka zamu. Wanawake walikuwa wamemaliza kuosha. Shangazi wa nesi na fundi, aliyejikata kidogo alipokuwa akimenya vitunguu vya waombolezaji, alikuwa akikamua kitambaa kwa mikono mitupu.

"Shangazi, maji mmechota wapi?"

Shangazi akaendelea kukamua, taratibu, mpaka tone la mwisho, kisha akainua uso. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, na tangu azaliwe nesi hakuwahi kuitwa hivyo na shangazi yake.

"Wifi," akasema, "umechelewa."