Moto Uliotembea Chini ya Mizizi

Kila likizo ya shule, wenzake wakiwa bado wanageuza ubavu kitandani, Chiriku alikuwa ameshafika kwenye lango la msitu pamoja na mama yake, mgongoni amebeba sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa. Jina lake halisi lilitumiwa na mwalimu tu. Wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Akipanda mlima alizungumza, akishuka alizungumza, na akinywa maji alinyoosha kidole ili watu wajue kwamba hajamaliza.

Mama alikuwa mpishi wa Kambi ya Juu. Kambi hiyo ilikuwa uwanja mdogo katikati ya msitu wa taifa, mahali ambapo wageni walilala kwenye mahema kabla ya kupanda kileleni au kushuka kwenye maporomoko ya maji. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa kiongozi wa wageni. Aliujua msitu ule kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake gizani.

Halafu alikuwepo Mzee Dohani, mpagazi mkongwe kuliko wote. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sigara zake. Akipanda mlima, moshi ulitangulia na yeye akafuata. Alikuwa na mgongo imara na ulimi usio na breki. Aliwaambia wageni kwamba zamani njia ile ilikuwa na mwinuko mkali hivi kwamba kobe aliyeanza kupanda akiwa kijana alifika juu akiwa na wajukuu. Aliapa kwamba siku moja aliukata ukungu kwa panga, akautia kwenye gunia na kwenda nao nyumbani, na alipolifungua gunia nyumba yake ikapotea mpaka jioni. Wageni walicheka hadi wakatua mizigo, na yeye akapata nafasi ya kupumzika. Mjomba alisema hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya hadithi zote za Dohani tangu mwanzo.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kusugua masufuria na, wageni wakiondoka, kuzima meko. Askari wa msitu walikuwa wamelisema jambo hilo la kuzima moto mara nyingi sana, hata tumbili wangeweza kulifundisha. Unamwaga maji, unakoroga, unamwaga tena, kisha unaweka kiganja juu ya majivu. Kama kiganja hakikai, moto haujafa. Kufukia kwa udongo kulikatazwa kabisa, kwa sababu ardhi ya pale haikuwa udongo mtupu. Ilikuwa majani yaliyooza juu ya majani mengine yaliyooza, na mizizi imepita humo ikisukana kama mkeka. Wakati wa kiangazi, ardhi ya namna hiyo huungua taratibu kama mkaa, bila mwali na karibu bila moshi.

Maji yalitoka kwenye kijito kilichokuwa chini ya korongo. Kushuka kulikuwa rahisi, hasa kwa mtu aliyeteleza. Kupanda na ndoo ndiko kulikokuwa na maneno.

Kiangazi kimoja walikuja wageni wa kutembea, na kati yao alikuwemo mama mmoja mrefu mwenye darubini. Alimwambia Chiriku kwamba wakifika pamoja kwenye jabali la kutazamia, atampa darubini aangalie bonde zima, pengine mpaka paa la shule yake. Jioni nzima Chiriku hakuzungumza jambo lingine. Mama alimwamuru alale, akalala akiwa bado anaeleza.

Asubuhi wageni waliondoka wakiongozwa na mjomba, na mama akafuatana nao. Mzee Dohani alibaki akikunja hema la mwisho. Chiriku alibaki na meko. Alimwaga maji yaliyokuwa yamesalia kwenye ndoo, majivu yakatoa mlio na mvuke ukapanda. Alitazama chini korongoni, kisha akatazama njia ambayo mama mrefu alikuwa ameshapotelea. Akasukumia udongo kwa mguu, akaukanyaga, akautandaza vizuri. Hapakuwa na moshi hata kidogo.

"Umezima, mjukuu wangu?" Mzee Dohani aliuliza huku akifunga kamba.

"Nimezima, mzee."

Mzee hakwenda kuangalia. Hakuwa na sababu ya kwenda. Mama wa mtoto yule alijulikana kwa kazi safi, na mtoto alikuwa amefunzwa naye. Aliwasha sigara yake, akajitwika mzigo, wakaondoka.

Jabalini Chiriku aliliona paa la shule. Alimwona hata mtu akianika nguo, mdogo kama siafu. Alirudi nyumbani akiwa na maneno ya kutosha mwezi mzima.

Upepo mkavu ukaanza kuvuma. Siku zikapita, na asubuhi moja mlima ukaonekana umevaa moshi ubavuni, pale pale ilipokuwa kambi. Kila aliyeweza kushika jembe au shoka alipanda. Askari wa msitu waliwaongoza kuchimba mtaro mpaka kwenye udongo wa kweli ili kuukatia moto njia. Lakini moto ule haukupita juu ambako watu wangeuona. Ulipita chini, mzizi hadi mzizi, ukaibuka huku na kule kama mwizi anayejaribu milango. Miti mikubwa ilianguka ikiwa na majani mabichi, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Mjomba alikuwa mbele ya wachimbaji. Alikanyaga mahali palipoonekana pazima, pana majani makavu juu kama kwingine kote. Chini yake palikuwa na shimo la makaa. Mguu ulizama mpaka gotini.

Walimteremsha kwa machela iliyotengenezwa kwa miti ya hema. Mzee Dohani alishika mbele, na vijana walipotaka kumpokea alikataa, akashika mpaka langoni.

Mvua ilikuja kuuzima moto baadaye, ilhali mjomba alikuwa ameshalazwa hospitali mjini. Daktari alijaribu alivyojaribu, mwishowe akaukata mguu chini ya goti. Mama alimpa Chiriku habari hiyo akiwa anakunja nguo. Alilikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena, na hakufika kwenye gauni la pili.

Kisha likaja swali ambalo lazima lije. Nani alikuwa wa mwisho kutoka kambini? Mhifadhi mkuu, aliyesimamia msitu wote, alimwita Chiriku na kumuuliza kama alizima meko. Chiriku akasema ndiyo. Hakuwahi maishani kutoa jibu fupi namna ile. Kisha mhifadhi alimwita Mzee Dohani akamuuliza kama alitupa kipande cha sigara. Mzee alisema vipande vyake huvitia mfukoni siku zote. Mhifadhi akamuuliza kama anaweza kuapa kwamba siku ile pia alifanya hivyo. Mzee Dohani alivitazama vidole vyake vyenye rangi ya tumbaku, akasema hawezi kuapa, hakumbuki. Hilo likatosha. Alinyang'anywa kibali cha kubeba mizigo, kazi pekee aliyoijua.

Tangu hapo watu waligeuza uso akipita. Watoto walishika pua, na mmoja akauliza kwa sauti leo babu anakwenda kuchoma wapi. Mzee aliacha sigara. Aliacha na hadithi. Alikaa mlangoni kwake akiwa na ile kamba ya mizigo mapajani, anaifunga fundo, anaifungua. Nyumba yake ilikuwa kwenye njia ya dukani, na kila Chiriku alipotumwa chumvi au sabuni alipita upande wa pili wa barabara akitazama miguu yake.

Chiriku naye alinyamaza. Mama alidhani ni majonzi ya mguu wa mjomba, akamwacha.

Jumapili moja walikwenda hospitali. Mjomba alikuwa ameketi kitandani, shuka likiwa limelala bapa mahali ambapo mguu ungekuwepo. Chiriku alikuwa amemshikia kikombe cha chai wakati mlango wa wodi ulipofunguliwa, akaingia Mzee Dohani na kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Aliwapita wagonjwa wengine bila kuwaona, akafika kitandani na kupiga magoti.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Kile kipande cha sigara nimejaribu kukumbuka nilikiweka wapi. Nalala nakitafuta, naamka nakitafuta, sikioni. Basi lazima nilikitupa. Mguu wako nimeuchukua mimi."

Mjomba alimwekea mkono begani. "Inuka, kaka. Nimekusamehe tangu siku uliyonibeba."

Chai ilimwagikia vidole vya Chiriku na hakusikia joto lake.

"Si yeye," alisema.

Mama alimwambia asiingilie wakubwa wanapozungumza. Chiriku akarudia, mara hii kwa sauti iliyowafanya hata wagonjwa wa upande wa pili wageuke. "Si yeye, mama. Si sigara. Maji hayakutosha, nikaona uvivu kushuka kijitoni. Nilifukia kwa udongo nikamwambia nimezima."

Mzee Dohani alikuwa bado amepiga magoti. Hakukasirika. Alimtazama mtoto kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Kwa hiyo mimi sikufanya?"

"Hukufanya, mzee."

Akaficha uso ndani ya kofia yake, akalia vile watu wazima wanavyolia wakiwa wamesahau kwamba watoto wapo.

Baada ya kitambo, mjomba alimwomba mama amtoe mzee nje apate hewa. Akabaki na Chiriku, ambaye machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Akamuuliza analilia nini.

"Mguu wako, mjomba."

"Mguu uache kwanza. Mguu ulikuwa kosa. Mtoto alikimbilia darubini akakwepa ndoo moja ya maji. Nitakasirika, tena sana, labda kuanzia kesho. Lakini nijibu jambo moja. Siku zote hizi, watu walipokuwa wanamgeuzia uso Dohani, ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona."

"Pale mlangoni kwake?"

"Ndiyo."

"Basi hilo usiniambie lilikuwa kosa. Hilo ulilichagua upya kila ulipopita pale."

Alichukua kikombe, akanywa kilichobaki, ingawa kilikuwa kimepoa.

Kesho yake mama alimpeleka Chiriku kwa mhifadhi mkuu. Alikaa kwenye kiti kando, akamwacha binti yake aseme yote mwenyewe, na hata sauti ilipomkwama hakumsaidia kwa neno moja. Mhifadhi mkuu alisikiliza, akakiri kwamba yeye pia aliharakisha kuamini lililokuwa rahisi kuamini. Aliwakusanya wapagazi wote langoni, akawaeleza ukweli, na akamrudishia Mzee Dohani kibali chake mbele yao. Waliokuwa wakigeuza uso walikuja kumpa mkono. Aliipokea mikono yao mmoja mmoja, bila mzaha wowote.

Kambi ya Juu ilifungwa ili ardhi ipone, na mama akakosa kazi. Alifua nguo za watu na hakumsema Chiriku hata siku moja, jambo ambalo lilimuuma Chiriku kuliko kusemwa. Mjomba alipotoka hospitali na magongo alipewa kazi langoni, awaeleze wageni njia ambazo yeye asingezipita tena. Alizichora mavumbini kwa ncha ya gongo, kila kona na kila kivuko, kisha wageni wakashukuru na kuzikanyaga wakipita.

Chiriku alikwenda kwa Mzee Dohani kumwomba msamaha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Nimeutafuta huo msamaha, bado sijaupata wote. Tufanye hivi. Asubuhi ukiniamkia nikaitikia, ujue leo nimekusamehe. Nisipoitikia, ujue leo bado. Usiniulize sababu."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi fulani aliitikia marahaba, na mara moja hata akamuuliza habari za shule. Asubuhi nyingine alimpita langoni kama anavyopita kisiki. Siku moja alipopitwa hivyo mbele ya wapagazi wote, Chiriku alirudi nyumbani akamwambia mama kwamba hamwamkii tena. Ameshasema kweli, ameshaomba radhi, sasa wanataka afanye nini zaidi?

Mama alilikamua shati alilokuwa nalo, akaliweka kando ya beseni, akafuta mikono.

"Mwanangu, ukweli ulikuwa wake. Ulikuwa umemchukulia, ukamrudishia. Mtu akirudisha kitu cha mwenyewe hadai shukrani. Ungesema siku ile ile ulipoulizwa, leo angekuwa anakucheka tu. Ulichelewa, na gharama ya kuchelewa kwako aliilipa yeye, pale mlangoni kwake. Kuitikia ni hiari yake. Kuamkia ni kazi yako. Nenda ukaifanye."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka mpaka langoni. Mzee Dohani alitokea humo na mzigo wake mgongoni, nyuma yake wageni wakikohoa kwa baridi. Chiriku alisogea hadi ukingoni mwa njia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alikaza kamba begani, akatazama mlima, akapita. Ukungu ukamfunika yeye na wageni wake. Chiriku alikaa langoni karibu na mjomba mpaka waliporudi jioni, akasimama, akamwamkia tena.