Jina Lililofumuliwa

Asubuhi ile Amongin alipomwinua mtoto amnyonyeshe, aliona shali haina jina.

Shali ilikuwa nyeupe, ya sufu, na kwenye pembe yake fundi mmoja wa Busia mjini alikuwa ametarizi kwa uzi wa buluu: Ermelina. Sasa pembe ilikuwa tupu. Kitambaa hakikuchanika wala kuvutika. Vilibaki vitundu vya sindano tu, na ukivifuata kwa kidole ungeweza bado kusoma herufi. Uzi wenyewe ulikuwa juu ya mto wa mtoto, umeviringwa vizuri kama unavyoviringwa na mtu asiyependa kutupa uzi.

"Ni wewe umetoa hii?" alimuuliza mumewe.

Okiria alikuwa akifunga vifungo vya shati aende kazini mpakani, alikokuwa wakala wa forodha. "Mimi? Kwani hata sindano najua kushika?" Akacheka. Kisha akauona uzi, akauchukua, akauzungusha kiganjani, na kicheko kikamwisha. Aliurudisha juu ya mto taratibu, akatoka bila kumbusu mtoto.

Walikaa Malaba, nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ambapo matrela hupanga foleni kuvuka kwenda Uganda. Amongin alifundisha chekechea. Ujauzito ulipomzidi nguvu alikuwa akilala kwenye kochi, miguu juu ya mto, akisoma kwenye simu hekaya za kale za Ulaya, za enzi za ngome za mawe na mashujaa waliopigana juu ya farasi. Alitafuta humo jina la mtoto. Hakutaka jina ambalo ukiliita sokoni wanageuka wasichana wengi. Jioni alimsomea Okiria: malkia aliyelala usingizi wa miaka, binti aliyefungiwa mnarani, bibi aliyegeuka swala.

"Hiyo mama yangu ataita aje?" Okiria alikuwa akiuliza. "Ulimi wake utakatika."

Halafu akapata Ermelina. Hekaya ilisema Ermelina aliolewa katika ngome ambayo funguo zote zilishikwa na wifi yake, dada wa bwana wa ngome. Bwana alipokwenda vitani, wifi akamnyima Ermelina chumba, akamnyima moto, akamnyima hata kuketi mezani. Ermelina akavumilia, na usiku mmoja wa theluji akampokonya funguo na kumfungia nje ya lango. Wifi alikufa hapo langoni, akimwita kaka yake. Hekaya nzima haikumtaja wifi huyo kwa jina, hata mara moja. Amongin alirudia kusoma sehemu hiyo, na kila aliporudia alihisi raha fulani kifuani, raha ambayo hakumwambia mtu.

Maana na yeye alikuwa na wifi.

Alupo, dada mkubwa wa Okiria, alimlea kaka yake baada ya baba yao kufa. Alimsomesha kwa cherehani ya kukanyaga, akishona gomesi, magauni marefu ya heshima, za wanawake wa pande zote mbili za mpaka. Hakuolewa, hakuzaa. Okiria alipooa, mashati yake yaliendelea kushonwa na Alupo. Habari ya kupandishwa cheo Alupo aliisikia kwanza. Hata habari ya ujauzito, Amongin aligundua baadaye, Alupo aliisikia siku ileile, na wakati huo alikuwa kitandani, figo zimemshinda. Alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Ukizaa msichana, mpe jina langu. Nisipotee hivi hivi." Okiria akamwahidi. Wiki chache baadaye wakamzika.

"Huyu mtoto ni wetu," Amongin alisema baada ya kujifungua. "Si wa marehemu."

"Basi tumwite Ermelina Alupo. Yote mawili."

"Hapana. Hiyo jina haitaingia kwa nyumba yangu. Kama ni ahadi, ulitoa wewe, tumbo lilikuwa langu."

Okiria akaenda kusimama nje karibu na matrela. Hakubishana tena.

Baada ya shali kufumuliwa, mtoto alianza kukataa titi. Si mara zote. Alinyonya vizuri mama akiwa kimya, lakini akiambiwa tu, "Nyonya, Ermelina," aliachia, akageuza uso ukutani, akatulia, kama mtu anayesikiliza anayeongea upande wa pili. Amongin aliacha kumwita kwa siku mbili tatu, kisha wivu ukampanda. Alimwita kwa makusudi. Alimwimbia jina hilo. Mtoto akapungua, mashavu yakaingia ndani, na daktari alipompima hakuona ugonjwa.

Harufu ikaja: mafuta ya mashine, yale mepesi ya kwenye kichupa chenye mdomo mrefu, ikitoka kwenye nguo za mtoto hata zikitoka kuanikwa juani. Kisha ikaja sauti. Jioni moja ya mvua umeme ulipotea na madereva wa matrela wakazima injini, mtaa ukanyamaza. Amongin alikuwa jikoni akichambua mboga. Chumbani alikolala mtoto kikasikika kitu, taka-taka-taka, kikanyamaza, halafu tena taka-taka-taka, kikaenda kwa mbio na kupunguza mwendo, kama fundi anapofika kwenye kona ya kitambaa.

Okiria alikuwa ameketi sebuleni na tochi ya simu. Walitazamana.

"Unasikia?" Amongin alinong'ona.

"Nimeisikia tangu juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nililala na hiyo sauti utoto wangu wote. Ndiyo ilikuwa inanibembeleza."

Alisema maneno hayo macho yakiwa yamelowa, na kwenye mwanga wa simu Amongin aliona kwamba mumewe hakuwa na hofu. Alikuwa na hamu. Hilo lilimchoma kuliko sauti yenyewe. Akaingia chumbani kwa hasira, akamtoa mtoto. Hapakuwa na kitu, ila kitanda kilikuwa kikitikisika kidogo, kikatulia.

Kesho yake Okiria akamleta mama yake, Akiteng, kutoka Amukura. Mzee Akiteng aliketi, akampokea mjukuu, akamnusa utosini. Akafumba macho.

"Cherehani yake iko kwangu," alisema. "Nimeifunika gunia. Sindano imeshika kutu. Lakini hii harufu ni ya mtoto wangu."

"Mama, ni nguo tu," Amongin alijibu. "Nitabadilisha sabuni."

Akiteng akamrudishia mtoto wake. Baada ya chakula cha mchana alikwenda kujinyoosha chumba cha pili. Okiria alirudi kazini. Jua lilikuwa kali, bati likilia kwa joto, na Amongin akajilaza kitandani na mtoto pembeni, amemfunika shali ile nyeupe isiyo na jina, mkono wake juu yake, akasema moyoni kwamba hatalala.

Alilala.

Alichoamshwa nacho ni kwamba mkono haunyanyuki. Alidhani umekufa ganzi, akauvuta, na shali ikauvuta mkono nyuma, ndipo alipofumbua macho akaona kwamba mkono wa gauni lake umeshonwa kwenye shali, mshono mdogo mdogo, sawasawa, wa uzi wa buluu, na mshono huo haukuishia hapo bali ulikwenda ukipanda kutoka miguuni mwa mtoto, ukapita tumboni, ukapita kifuani, ukaziba shali kama gunia la mahindi, na ulikuwa bado unakwenda, mbele ya macho yake, katika mwanga wa mchana, bila sindano na bila mkono, tundu baada ya tundu, ukielekea usoni ambako sufu ilikuwa ikiingia na kutoka kinywani mwa mtoto kwa pumzi fupi fupi, na kila uzi ulipozama ndipo aliposikia chini ya kitanda, taka, taka, taka, mguu wa mtu asiye na haraka. Alivuta kwa vidole, akauma kwa meno, uzi ukamkata mdomo na wenyewe usikatike, akapiga kelele, "Ermelina! Ermelina wangu!" na kwa kila wito mshono ukaongeza kasi.

Akiteng aliingia bila kitambaa kichwani. Aliona, akapiga magoti sakafuni, akainama kuelekea uvunguni.

"Alupo!" aliita. "Alupo, mwanangu! Wacha mtoto wa kaka yako!"

Mguu ukasimama. Uzi ukalegea wote kwa pamoja. Amongin akamtoa mtoto akiwa amekuwa wa rangi ya majivu, akamgeuza, akampiga mgongoni mpaka akalia.

Akiteng alipotaka mganga aitwe, Amongin hakubisha. Alikuja jioni ileile, mama wa makamo anayeitwa Amuge, amevaa koti la mvua la kiume na kubeba kibuyu cha ajon, pombe ya wimbi. Aliomba kigoda, akauliza maswali machache, akamtazama Amongin zaidi ya alivyomtazama mtoto.

"Huyu hataki kuua," alisema. "Ameona wivu. Aliahidiwa mahali pa kukaa, akafika, akakuta mgeni amewekwa hapo. Nani aliweka mgeni?"

"Ni mimi," Amongin alisema.

"Basi ni wewe utaita. Mama mkwe akiita atatulia leo, kesho atarudi. Wewe ndiye ulifunga mlango."

Amuge alichovya kidole cha Amongin kwenye ajon, akakiweka mdomoni mwa mtoto. Desturi ya watu wao ilikuwa hivyo: unataja majina ya waliotangulia, na jina litakalomfanya mtoto anyonye kidole ndilo lake. Amongin alitaja bibi wa Okiria. Mtoto alifunga mdomo. Akataja shangazi wa zamani, akataja hata mama yake mwenyewe, akitumaini. Mtoto alifunga mdomo. Okiria alisimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Unajua mwenye anangoja," Amuge alisema polepole.

Amongin alijua. Aliyakumbuka mashati, habari zote alizozisikia wa pili, siku ya mazishi alipotembea nyuma ya jeneza na ndani yake kitu kinasema sasa ni wangu peke yangu. Alimtazama mtoto, mbavu zake zikihesabika.

"Alupo," alisema. "Karibu, Alupo."

Mtoto akakishika kidole kwa ufizi, akanyonya kwa nguvu iliyomuumiza, na macho yake hayakumwacha mama hata kidogo. Harufu ya mafuta ikatoka chumbani kama moshi unavyotoka dirisha likifunguliwa. Akiteng akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Okiria akapita katikati ya wanawake wote, akamchukua mtoto, akamwekea shavu lake shavuni.

Amuge alikunja koti lake. Alipofika mlangoni alimshika Amongin bega. "Umemwita na mdomo. Si mbaya, amekubali. Sasa jifunze kumpenda, maana mtaishi naye."

Mtoto alinenepa. Hakuumwa tena hata mafua. Majirani walisema hawajaona msichana anayempenda baba hivyo: alilia akiondoka, akatulia akirudi, na mama akimshika baba mkono, alikuwa akitambaa kutoka popote alipo aje kukaa katikati yao. Okiria alinawiri. Alikuwa akiwahi nyumbani. Amongin alijitahidi kweli. Alimwita mtoto kwa jina lake kila siku, akamwogesha, akamsuka, na usoni pa mtoto aliona adabu tu, ile ya mtu anayehudumiwa katika nyumba ambayo ni yake. Wengine walikuwa wakishangaa kwamba mwaka unapita na Alupo hajasema hata neno moja, si baba, si mama.

Jumapili moja baada ya misa waliketi kula. Alupo alikuwa juu ya kiti kirefu kando ya baba yake. Amongin alileta sufuria ya kuku, akachota mchuzi, akanyoosha upawa kuelekea sahani ya mumewe.

"Wacha," mtoto alisema.

Haikuwa sauti ya kitoto. Ilikuwa nzito kidogo, ya mwanamke aliyechoka, na ilisema kwa upole.

"Wacha, Amongin. Nitampakulia mwenyewe."

Upawa ulibaki hewani, mchuzi ukidondoka kwenye kitambaa cha meza. Amongin akamgeukia mumewe, akingoja aone hofu, akingoja aruke, amwite mama yake, aite jina la Mungu.

Okiria alikuwa tayari amesogeza sahani yake mbele ya mtoto.

"Sawa, dada," alisema.