Sikio la Mpiga Kinanda

Dalmas huuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuoni Dunga. Jumapili yeye ndiye mpiga kinanda kanisani, Kaloleni. Alikuwa amebandika karatasi zenye majina ya noti juu ya vibonye, na kila wimbo aliuanzia kibonye kilekile alichozoea.

Kanisani mambo yalikwenda sawa, kwa sababu kwaya humngoja aanze. Lakini mazishini, nani hungoja kinanda? Mama mmoja huanza wimbo pale sauti yake ilipo, wengine wakadakia. Kule Kisian, kwenye mazishi ya jirani, Dalmas alimfuata Mama Jacinta, aliyeanza wimbo, kibonye hadi kibonye, asimpate. Akina mama wakanyamaza mmoja mmoja. Aliona aibu, maskini.

Mwezi uleule, mkewe Lorine alifiwa na baba.

"Baba Aloo," Lorine alimwambia mumewe, "wimbo wa baba nitauanza mimi. Utanipigia?"

Dalmas aliikumbuka aibu ya Kisian, lakini hakukataa. Alimpenda sana mzee yule. Akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Debra, anayefundisha muziki shuleni.

"Zimebaki siku ngapi hadi mazishi?" Debra aliuliza.

"Kumi na mbili."

"Basi bandua hizo karatasi."

"Si nitapotea kabisa, Mwalimu?"

"Kwani sasa hujapotea?" Debra alicheka. "Vidole vyako vinajua kazi. Masikio ndiyo hayajafunzwa. Nitaimba sauti moja. Usiguse kinanda. Iimbe kwanza wewe mwenyewe, kisha uitafute."

Dalmas alikosea mara tisa. Ya kumi akaipata.

"Sasa sikiliza," Debra alisema. "Wimbo ukiisha, sauti hutulia wapi? Hapo ndipo nyumbani kwake, ndiyo doh, noti ya kwanza. Ukipajua nyumbani, noti nyingine utazifikia. Fanya robo saa kila siku."

Ikawa hivyo. Lorine aliimba akipika, Dalmas akamtafuta kwenye kinanda. Akikosea, binti yao Aloo alimcheka bila huruma.

Siku ya mazishi, Lorine alianza wimbo. Dalmas hakukimbilia vibonye. Aliimba taratibu kwanza, midomo imefumbwa, akaipata doh, akaingia. Watu wote wakadakia.

Ubeti wa pili, Lorine alilemewa na machozi, sauti ikashuka. Watu wakatazamana. Dalmas aliinua vidole, akasikiliza mpaka akajua mkewe ameshukia wapi. Kisha akamfuata hukohuko chini.

Lorine alimsikia. Akapangusa uso, akamwimbia babake mpaka ubeti wa mwisho.