Pigo la Nne

Jambo la kwanza ambalo halikuwa sawa lilikuwa taa. Ile taa ya njano yenye picha ya injini, inayomwambia dereva kuna ugonjwa ndani, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa mwenye gari.

Fundi Sikio aliiona, akaipuuza. Wewe usiipuuze.

Waliomwita Sikio hawakukosea. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anakwambia silinda gani inaumwa, tangu lini, na dereva ana wake wangapi. Hilo la wake nimeongeza mimi. Mengine ni kweli tupu. "Hakuna gari lililowahi kunishinda" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi, hata kabla hajanawa uso.

Mwenye gari alikuwa mpima ardhi. Alisimama hatua kumi nyuma, kama mtu anayeogopa mbwa.

"Linamisi, pigo moja linaruka," alisema. "Lilianza siku nilipopima kiwanja chenye kisima kilichofukiwa. Nililiegesha juu yake bila kujua. Mafundi saba wamelishika."

"Wakasemaje?"

"Wameshindwa. Nawe ukishindwa, fundi, sema tu. Wenzio walisema, wakapona."

"Wakapona nini?"

Mpima ardhi akatazama viatu vyake. "Sema tu." Akampa ufunguo, akaondoka, akaahidi kurudi alasiri.

Jirani wa gereji, fundi wa umeme aitwaye Waya, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Sikio, leo umempata kiziwi mwenzio!"

"Jua likifika utosini utaninunulia soda," Sikio akamjibu, akaliwasha.

Injini ya silinda nne ikanguruma: moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Gari zima likatikisika kama mtu mwenye kwikwi, moshi ukanuka petroli mbichi. Mashine ya kupimia ikasema silinda ya nne.

Sasa, njia ya mafundi haina siri. Ukitaka kujua kifaa gani ni kibovu, kihamishe. Toa plagi ya silinda ya nne, itie kwenye ya kwanza. Ugonjwa ukiifuata, mwizi umemkamata. Sikio akahamisha plagi. Ugonjwa ukabaki palepale. Akahamisha koili, kile kidude kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Ukabaki. Akahamisha nozeli, inayopulizia petroli ndani, ukabaki. Akafuta kosa kwenye mashine, taa ikazimika. Akageuka kuchukua kitambaa, ikawaka.

"Zima kwanza, inanitoa jasho," akamwambia Waya.

"Nimeshazima," Waya akanong'ona. Safari hii hakuwa akicheka. "Ufunguo huu hapa mkononi mwangu. Sikiliza."

Chini ya boneti, polepole: moja, mbili, tatu.

"Sema umeshindwa, bwana. Uko na mimi tu hapa, sitamwambia mtu."

"Wewe! Utanitangaza mpaka kwa wauza mchicha!" Na kwa ukaidi huo akafanya jambo ambalo hajawahi kuacha kulijutia: akang'oa koili kwenye gari lake mwenyewe, akaitia kwenye la mpima ardhi, na ile ya mpima ardhi akaitia kwake.

Gari la mpima ardhi likanguruma laini kama paka aliyeshiba. Taa ikazimika, haikurudi. Sikio akawasha lake, akingoja limisi. Nalo likanguruma laini.

"Umeona?" akajipiga kifua. "Soda yangu baridi!"

Waya hakwenda kuleta soda. "Kama ugonjwa ulikuwa kwenye koili, na koili sasa iko kwako, mbona kwako haliumwi?" Akashusha sauti. "Umekwenda wapi, Sikio?"

"Umenikimbia!" Akaenda nyumbani kula, akiendesha kwa mkono mmoja.

Mlangoni alikutana na harufu ya petroli mbichi. Akanusa mikono yake. Ilikuwa inanuka sabuni. Ndani mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amekunja uso.

"Mume wangu, hii mashine imeingiwa na nini? Kila mshono wa nne unaruka. Nimebadilisha sindano mbili."

Alitaka kumtania, lakini sikio lake, sikio lile alilojivunia mbele ya mji mzima, lilikuwa tayari limeanza kufanya kazi bila kuagizwa, likaisikia saa ya ukutani ikipiga tatu na kunyamaza, likalisikia bomba la jikoni likidondosha matone matatu na kuzuia la nne, likaisikia feni, likamsikia kuku wa jirani, likapita chumba hadi chumba kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukipata, mpaka likafika kitandani, alipolala binti yao wa miezi saba, waliyempata baada ya miaka tisa ya kungoja, na hapo likamsikia akivuta pumzi ya kwanza, akivuta ya pili, akivuta ya tatu, na kifua kidogo kile kikakaa, hakipandi wala hakishuki, huku nywele zake laini zikinuka petroli.

Kisha akavuta tena. Moja.

"Umeleta nini humu, mkwe?" Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. Bibi huyu alikuwa mtu wa kutibu wenye mashetani, na Sikio, akiwa gereji, humwita mashine ya kupimia wafu. Leo alimshika mkono kama mtoto.

"Koili tu, mama. Nimehamisha koili." Akamweleza yote, mpaka kile kisima.

"Na ulikuwa unasemaje ulipokuwa unahamisha?"

"Kwamba... hakuna gari lililowahi kunishinda."

"Basi kilichofukiwa kisimani kimesikia kuna bingwa, kimekuja kushindana. Hicho hakitoki kwa moshi wangu wala mafuta yangu. Kirudishe ulichohamisha, na useme umeshindwa, mbele ya watu. Na ukishalitema neno hilo, usilimeze tena."

"Mama, hata mbele ya Waya?"

"Waya ndiye wa kwanza!"

Njiani mke alimpakata mtoto kiti cha nyuma, mama yake ubavuni, akihesabu kwa midomo bila sauti, na kila mara palipotakiwa kuwa na nne palikuwa parefu kuliko mwanzo. Mbele ya Sikio taa ya njano iliwaka. Gereji alifungua boneti zote mbili, bolti zikimponyoka, mikono yake ambayo hujua kazi gizani ikawa kama ya kuazima, akairudisha kila koili kwao, akainua kichwa, akaona mafundi wote wamekusanyika na Waya yuko mbele.

"Gari hili..." alianza. "Gari hili lime..."

"Hapumui!" mkewe akalia. "Ametulia, hapumui!"

"Limenishinda! Nimeshindwa! Waya, shahidi wangu, nimeshindwa!"

Mtoto akapiga chafya. Akalia. Alilia vizuri sana, bila kuruka hata pumzi moja. Mpima ardhi alipofika, gari lake likanguruma laini, naye akaliingia kwa mara ya kwanza bila kusitasita, akaenda zake.

Waya akaleta soda. Akampa Sikio.

Jambo lingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kulazia watoto. Lakini soda ilipofika nusu, rangi ikamrudia Sikio usoni, na watu walikuwa bado wamesimama. "Jamani," akacheka, "nilisema vile kumridhisha mama mkwe tu. Kwani limeondoka linamisi? Hakuna gari..."

"Mkwe." Bibi alisema kwa sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma, mjukuu mapajani. "Gari limeondoka zima. Mtoto mzima. Basi kimehamia wapi?"

Sikio alifungua mdomo amjibu kwa mzaha. Harufu ya petroli mbichi ikamtoka mdomoni mwenyewe.

Akaiweka chupa chini. Akachukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kifuani, akainamisha shingo mpaka mpini ukagusa sikio, akafumba macho.

Moja.

Mbili.

Tatu.