Siku Wavinya Alipokilowesha Kioo

"Wavinya! Hii ni nini kwa kioo changu?"

"Ni mafuta ya mikono, Madam. Wateja wakitoka kukandwa wanakishika."

"Na unangoja nini? Kesho siko, nataka niache hapa pasafi. Na usinikwaruzie maua na steel wire!"

"Siwezi, Madam. Ni maji ya vuguvugu na kitambaa laini tu."

Carol akacheka puani, akaingia ofisini na kufunga mlango. Alikuwa mwenye parlour ya urembo, ghorofa ya pili mjini Machakos. Ukuta wa ofisi yake ulikuwa kioo kizima cha ukungu kilichochorwa maua. Ukiwa nje, aliye ndani ulimwona kivuli tu.

Wavinya akatia tone la sabuni kwenye ndoo. Kioo kile alikijua kuliko mwenyewe. Upande mmoja laini, upande wa pili una chembechembe kama ulimi wa paka. Ule wa chembechembe ndio unaofaa kuelekea ndani ya ofisi, palipo pakavu, kwa sababu ukilowa ukungu unapotea, na mtu anaona ng'ambo mpaka ukauke. Fundi alikuwa amekiweka kinyume.

Fundi mwenyewe alikuwa Ndunda, baba ya Mumbua, binti ya Wavinya wa mwaka mmoja. Siku Wavinya alipomwonyesha kosa lile, Ndunda alimjibu, "Wewe ni wa kufagia. Ufundi niachie." Tena alimkataza kusema kazini kwamba wanaishi pamoja. Eti Carol hapendi kuajiri watu wa nyumba moja.

Simu ikatetemeka. Meseji ya Ndunda:

"Niko Masii nachagua mbuzi. Kesho mapema tuko kwenu Mwala. Mwambie mzee anoe kisu."

Wavinya akatabasamu peke yake. Mbuzi watatu wa ntheo! Wakishachinjwa na kuliwa kwa babake, ndipo angekuwa mke wa mtu mbele ya ukoo, si msichana aliyezalishwa.

Akapitisha kitambaa juu ya alama ya kiganja. Njia ya maji ikafunguka kama dirisha dogo.

Ndani, Carol alikuwa amelaza kichwa begani mwa mwanaume. Mwanaume alivaa ovaroli ya bluu. Wavinya aliifua jana kwa mikono yake.

Maji yakakauka. Ukungu ukarudi.

Labda ameona vibaya. Ofisi ina mlango wa ngazi za nyuma, fundi yeyote angeweza kupita. Akapiga simu.

"Hallo, mami," Ndunda akajibu.

"Uko wapi?"

"Si nilikwambia Masii? Soko ni vumbi tupu, sikusikii vizuri."

Sauti ilimjia mara mbili, mara sikioni, mara kupitia kwenye kioo. Kivuli kimoja kilikuwa kimejitenga na kile cha Carol, kikasimama karibu na kioo.

"Mbuzi umepata?"

"Tatu! Zimenona kama pasta wa kanisa."

"Hebu nisikie zikilia."

"Zimelala."

Wavinya akachovya kitambaa kizima ndooni. Hakukikamua. Akafuta kutoka juu hadi chini, pembe hadi pembe, maji yakamwagika sakafuni. Ndunda, simu ingali sikioni, akageuka wakaangaliana uso kwa uso.

"Zimelala wapi, Ndunda?"

Carol akafungua mlango kwa kishindo. "Wavinya, wazimu umekushika? Unamwita bwana yangu hivyo kama nani?"

"Bwana yako?"

"Kesho analeta ntheo kwetu Ndithini. Mbuzi tatu."

"Mbuzi tatu," Wavinya akarudia polepole. "Madam, mimi ndiye mama wa mtoto wake. Kwetu pia wanangojea mbuzi tatu."

Carol akamgeukia Ndunda. "Uliniambia mama ya huyo mtoto aliolewa Kitui!"

"Sikizeni kwanza," Ndunda akasema, jasho likimtoka. "Wavinya, tutaongea nyumbani. Kwenu ningekuja hata mwezi ujao."

"Jamaa zetu wako njiani kwenda kwa baba."

"Si uwaambie nimegonjeka!"

Carol akakaa kitini, akajishika paji la uso.

"Weka ndoo chini uende, Wavinya. Usirudi hapa."

"Kosa langu ni gani, Madam?"

"Kosa lako ni kuniona. Wazee wa Ndithini wameshaitwa. Unataka nikawaambie nini?"

Kumbe bado angeolewa na Ndunda! Wavinya akavua aproni, akashuka ngazi. Ndunda akamfuata mpaka barabarani.

"Ukileta kelele, Mumbua ni damu yangu. Nitamchukua."

Wavinya akampigia mamake, akaweka simu spika.

"Mwaitu."

"Wavinya! Shangazi zako wameshafika, wanaimba tu. Mbuzi ziko wapi?"

"Hazikuji. Zinaenda Ndithini, kwa msichana mwingine."

Nyimbo zikasikika nyuma, halafu mama akawapigia kelele wanyamaze.

"Na mtoto?"

"Anasema atamchukua."

"Atamchukua kama nani? Mwanaume hajaleta ntheo, anadai mtoto? Baba yako hajala mbuzi ya mtu. Mumbua ni wa boma hili. Amwulize mamake mzazi, atamwambia hivyo hivyo."

Ndunda akaisogelea simu. "Mama, tafadhali, tunaweza kuongea..."

"Nani amekuzaa hapa?" Kisha sauti ikalainika. "Wavinya, kuja na mtoto. Mchele tumeshachagua. Tutakula bila nyama."

Simu ikakatika.

"Nipe hata wiki moja," Ndunda akamsihi. "Nitatafuta mbuzi zingine."

"Zitafute. Lakini kwetu usizilete."

Alilia njia nzima hadi kwa Katunge, jirani aliyebaki na mtoto. Hakuwa na kazi, na kesho angeketi mbele ya shangazi waliokuja kumshangilia. Mumbua alipomwona mlangoni, alinyoosha mikono yote miwili.

Wavinya akamfunga mgongoni kwa leso, akakaza fundo.

"Twende kwetu, mama," akamwambia.